Krismasi Isiyo na Theluji: Majira, Uhitaji na Hadithi ya Mapenzi ya Kikristo katika Uwanda wa Kati wa Tanzania

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu zinazowavuta waandishi wa hadithi za mapenzi za Kikristo kwenye majira ya baridi na Krismasi, na inauliza ni nini hutokea hadithi hizo zinapoandikwa kwa Kiswahili katika uwanda wa kati wa Tanzania, ambako Krismasi huja pamoja na mvua za kwanza. Kwa kutumia riwaya ya Janette Oke, Love Comes Softly (1979), tafsiri ya Biblia ya Union Version (1952) na kalenda ya kilimo ya Dodoma, makala inatetea hoja kwamba baridi humvutia mwandishi kwa kuwa inazalisha uhitaji usio na mkosaji, na uhitaji huo ndio unaoipa neema mahali pa kuingilia. Dodoma, kazi hiyo hufanywa na ukame na njaa ya miezi ya kilimo. Kwa hiyo theluji inaweza kuachwa bila hasara, lakini nafasi ya Krismasi katika msuko wa hadithi hubadilika: badala ya kuwa utatuzi, inakuwa mwanzo.

1. Utangulizi

Hadithi ya mapenzi ya Kikristo ina wasomaji wengi na wahakiki wachache. Katika uhakiki wa Kiswahili, riwaya ya mapenzi huwekwa katika kapu la fasihi pendwa na maandishi ya dini huwekwa katika kapu la mawaidha. Hadithi inayochanganya yote mawili hukosa kapu, na kwa sababu hiyo hukosa mhakiki. Nje ya Kiswahili hali imeanza kubadilika. Pamela Regis, katika kitabu chake cha mwaka 2003 kuhusu historia ya riwaya ya mapenzi, aliuchambua utanzu huu kwa misingi ya msuko badala ya kuubeza. Lynn S. Neal naye, mwaka 2006, aliwachunguza wanawake wa Kiinjili wa Marekani wanaosoma riwaya za mapenzi za Kikristo na kuonesha kwamba usomaji huo ni sehemu ya maisha yao ya ibada.

Jambo moja linalojitokeza mno katika riwaya hizo ni majira. Nyingi hutokea wakati wa baridi, na kilele chake huwa Krismasi. Picha za majira hayo zimesafiri mbali kuliko vitabu vyenyewe. Dodoma, mji ulio katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 na ambao joto lake la mchana katika Desemba hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi, pamba hutandazwa juu ya matawi ya mti wa Krismasi ili ionekane kuwa theluji. Mwandishi kijana anayetaka kuandika hadithi ya mapenzi ya Kikristo kwa Kiswahili hukuta pamba hiyo imekwisha kutandazwa hata kabla hajaandika sentensi ya kwanza. Ama ataiga majira asiyoyajua, ama ataondoa majira kabisa na kubaki na hadithi isiyo na mahali.

Makala hii inadai kwamba kuna njia ya tatu, na kwamba njia hiyo inahitaji kwanza kujibiwa kwa swali ambalo kwa kawaida hudhaniwa kuwa na jibu la wazi: baridi na Krismasi humpa nini mwandishi wa utanzu huu?

2. Kazi ya baridi katika msuko

Jibu la haraka ni kwamba theluji inapendeza. Jibu hilo halitoshi, kwa sababu mandhari ya kupendeza hupatikana katika kila majira. Mfano wa Love Comes Softly ya Janette Oke, mwandishi wa Kanada, unasaidia kuona zaidi. Riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 1979, huhesabiwa miongoni mwa vitabu vilivyofungua njia ya riwaya ya mapenzi ya Kikristo ya siku hizi. Marty, mwanamke kijana mwenye mimba, anafiwa na mumewe wakiwa safarini kuelekea magharibi. Clark, mjane mwenye binti mdogo, anamwomba wafunge ndoa ili mtoto apate mama na yeye Marty apate makazi. Anamwahidi kwamba majira ya kuchipua yakifika, na Marty akitaka kurudi kwao mashariki, yeye atamlipia nauli. Kati ya ahadi na majira ya kuchipua kuna baridi. Watu wawili wasiopendana wanaishi chini ya paa moja kwa sababu nje hakuendeki.

Baridi hapa inafanya kazi tatu. Kwanza, inafunga njia, na kwa kufunga njia inaziba visingizio vya kuachana. Pili, inaweka muda: msomaji anajua kwamba njia itafunguliwa, na kwamba siku hiyo Marty atalazimika kuchagua. Tatu, na hili ndilo kubwa, inazalisha uhitaji usio na mkosaji. Katika riwaya nyingi za mapenzi kikwazo huwa ni mtu: mpinzani, mzazi mkali, tajiri mwenye hila. Hadithi ya namna hiyo humalizika kwa mkosaji kushindwa. Baridi haina wa kulaumiwa wala wa kushindwa. Mhusika hana analoweza kufanya ila kupokea alichopewa na mwingine, na kupokea usichokistahili wala kukilipia ndiko theolojia ya Kikristo inakokuita neema. Majira, kwa hiyo, si pambo la hadithi. Ndiyo yanayoiwezesha hadithi ya mapenzi iwe pia hadithi ya imani bila mahubiri kuingizwa kwa nguvu.

Ndiyo maana Krismasi huingia kwa urahisi. Northrop Frye, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu muundo wa uhakiki, alizigawa aina kuu za masimulizi kwa majira ya mwaka: ramsa aliipa majira ya kuchipua, na baridi aliipa kejeli na tashtiti, masimulizi ya ulimwengu usio na mashujaa. Riwaya ya mapenzi ya Kikristo inaukaidi mpango huo kwa kuuweka mwisho wa furaha katikati ya baridi. Inaweza kufanya hivyo kwa sababu kanisa la Roma, kufikia karne ya 4, lilikuwa limekwisha kuiweka sikukuu ya kuzaliwa kwa Kristo tarehe 25 Desemba, mara tu baada ya usiku mrefu kuliko yote katika nusu ya kaskazini ya dunia. Giza likiwa limefika ukomo, mtoto anazaliwa; upweke ukiwa umefika ukomo, wapendanao wanatambuana.

Uhusiano huo ni wa kalenda, si wa Maandiko. Injili hazitaji mwezi wala baridi. Luka anawataja wachungaji waliokesha makondeni na kundi lao, na hana neno kuhusu theluji. Wala theluji haikuletwa Dodoma na watu walioizoea. Dayosisi ya Anglikana ya Central Tanganyika, yenye makao yake Dodoma, iliundwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka Australia, ambako wamisionari wengi waliomfuata walitoka pia. Huko nako Desemba ni wakati wa joto. Picha ya Krismasi nyeupe ilikuwa imekwisha kuwa desturi ya vitabu na kadi hata kwa hao waliosherehekea Krismasi juani.

3. Baridi ndani ya Kiswahili

Ugumu wa kuihamisha baridi hiyo hauko katika hali ya hewa peke yake. Uko pia katika lugha. George Lakoff na Mark Johnson, katika kazi yao ya mwaka 1999, wanaiweka miongoni mwa sitiari za msingi ile inayouona upendo kuwa ni joto. Riwaya ya baridi hujengwa juu ya sitiari hiyo: nje baridi, ndani moto, moyo uliofungwa ni barafu, moyo uliofunguka umeyeyuka.

Kiswahili kinaijua sehemu ya sitiari hiyo, lakini kimeipanga kwa namna yake. Moto wa mapenzi upo, nao kwa kawaida ni hamu, wivu na maumivu ya asiyepata. Anayepata hupoa. Kitenzi -poa hutaja kupungua kwa joto, kutulia na kupata nafuu, na katika mazungumzo ya vijana kimekuwa neno la kusifu. Mpenzi huupoza moyo. Huuburudisha pia, na burudani imetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupatia baridi. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, kukosa kupendwa ni kuungua na kupendwa ni kuburudika. Mwandishi anayetafsiri moja kwa moja sitiari ya moyo ulioganda na kuyeyushwa anamwomba msomaji wake ageuze mpango mzima wa hisia ambao lugha imekwisha kumpa.

Msamiati wa majira nao una mipaka yake. Theluji ni neno la mkopo linalotaja kitu kinachoonekana Kilimanjaro na vilele vingine vichache. Kipupwe ni majira ya baridi ya kati ya Juni na Agosti, yanayofuata masika. Kwa hiyo baridi ya Kiswahili iko nusu mwaka mbali na Krismasi, na katika uwanda wa kati huja ghala zikiwa na nafaka. Ni baridi ya shibe. Baridi ya riwaya ya Oke ni baridi ya upungufu. Neno ni moja, lakini lililo nyuma yake ni kinyume.

4. Kaskazi ya Wimbo Ulio Bora

Watafsiri wa Biblia walikutana na tatizo hili kabla ya waandishi wa hadithi, na namna walivyolishughulikia inastahili kuangaliwa na wahakiki wa fasihi. Katika Agano Jipya la Union Version, majira hayo huitwa tu wakati wa baridi, kwa mfano katika Mathayo 24:20 na Yohana 10:22. Katika Agano la Kale, watafsiri waliingiza pepo za pwani. Mwanzo 8:22, ambapo matini ya Kiebrania inataja majira ya joto na majira ya baridi, Kiswahili kina kaskazi na kusi, kwa mpangilio huo. Kaskazi inasimama mahali pa joto. Katika Wimbo Ulio Bora 2:11, mpenzi anapomwita mwenzake atoke kwa kuwa majira ya baridi yamepita na mvua imekwisha, majira yaliyopita yameitwa kaskazi. Neno lilelile linabeba joto katika kitabu kimoja na baridi katika kingine.

Ni rahisi kuona hapo mkanganyiko. Maelezo ya haki zaidi ni kwamba watafsiri walipima kwa vipimo viwili. Katika Mwanzo walipima kwa joto: kaskazi ni pepo za miezi ya hari. Katika Wimbo walipima kwa kalenda: miezi ya mvua na baridi ya Palestina, Desemba hadi Februari, ndiyo miezi ya kaskazi katika Bahari ya Hindi.

Kipimo cha pili kina matokeo ambayo hayajapewa uzito. Kwa msomaji wa Mombasa au Unguja, aya hiyo inakwenda kinyume na mwaka wake, kwa kuwa pwani kaskazi ni ukavu, na ikipita ndipo masika huingia. Kwa msomaji wa Dodoma aya hiyo ni sahihi. Uwanda wa kati una msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Miezi ya kaskazi ndiyo miezi ya mvua, nayo ikipita mvua hukatika. Hata mizabibu inayochanua katika aya zinazofuata si ngeni katika mkoa unaojulikana nchini kote kwa zabibu. Neno la pwani, lililochaguliwa kwa ajili ya Palestina, linapata maana yake kamili bara.

Wimbo Ulio Bora ndicho kitabu cha Biblia kinachosema waziwazi kuhusu mapenzi ya mwanamke na mwanamume. Kinayaweka mapenzi hayo baada ya mvua, na katika 2:7 kinaonya kwamba yasichochewe kabla ya wakati wake. Union Version inatumia hapo neno mapenzi, neno lilelile ambalo katika Sala ya Bwana linataja matakwa ya Mungu. Mwandishi wa Kiswahili amepewa na lugha yake jambo ambalo mwandishi wa Kiingereza hana: anaposema riwaya ya mapenzi, anataja kwa neno moja hamu ya wawili na nia ya Mungu. Na mapenzi hayo, kwa maana zote mbili, yana majira.

5. Mwaka wa kanisa na mwaka wa shamba

Mwaka wa kanisa ukiwekwa juu ya mwaka wa mkulima wa Dodoma, mpangilio unaojitokeza ni tofauti kabisa na ule wa kaskazini. Majilio, majuma manne ya kungoja, huangukia wakati ambapo mashamba yamesafishwa na macho yako mawinguni. Krismasi huwakuta watu wakipanda, au mtama na uwele vikiwa vimechipua, au, katika mwaka mbaya, mbegu ikiwa imekauka ardhini. Januari hadi Machi ni miezi ya palizi na ya ghala tupu. Ndipo wenye upungufu huacha mashamba yao na kwenda kulima vibarua kwa wengine ili wapate chakula cha siku. Kwaresima, kipindi cha kufunga, huangukia humo. Pasaka huja na mboga, maboga na mahindi mabichi. Mavuno hufuata kuanzia Mei, na baada yake, katika kipupwe, huja wakati unaofaa kwa harusi, kwa kuwa chakula cha kuwalisha wageni kipo.

Kaskazini mwa dunia, Krismasi ni katikati ya upungufu na ni ahadi kwamba upungufu utapungua. Dodoma, Krismasi ni mlango wa kuingilia upungufu. Chakula kinachopikwa siku hiyo hupikwa na watu wanaojua kwamba miezi migumu iko mbele. Mwandishi anayeimaliza hadithi yake kwa pete ya uchumba usiku wa Krismasi anaweza kuwa ameandika mwisho mzuri kwa Minnesota. Katika kijiji cha Chamwino ameikatisha hadithi pale inapoanza. Katika uwanda wa kati, Krismasi inafaa kuwa wakati wa ahadi, na utimilifu wake hauna budi kusubiri mavuno. Kati ya hizo mbili kuna njaa, na njaa ndiyo inayofanya kazi ambayo baridi iliifanya katika riwaya ya Oke: inaweka muda, inazuia, inawalazimisha watu kupokea.

Tofauti moja haiwezi kufutwa. Majira ya baridi huisha kwa kalenda; hakuna mwaka ambao majira ya kuchipua hayakufika. Mvua haina ahadi hiyo. Marty anahitaji subira, kwa sababu anachokingoja kitakuja kwa hakika. Mhusika wa Dodoma anahitaji imani, kwa sababu anachokingoja kinaweza kisije. Kwa utanzu unaodai kuwa ni hadithi ya imani, hii ni faida kubwa ya kisanaa ambayo pamba juu ya mti wa Krismasi inaificha.

Wazungumzaji wa Kiswahili wenyewe wameonesha kwamba wanaweza kuisoma Krismasi katika mazingira yao. Mti wenye maua mekundu unaowaka kabla ya mvua na wakati wa mvua za kwanza, wengi nchini Tanzania huuita mkrismasi. Hakuna aliyehitaji theluji ili kuubatiza.

6. Ruthu na Bethlehemu

Kielelezo cha hadithi inayoanza kwa njaa na kuishia kwa ndoa baada ya mavuno hakihitaji kubuniwa. Kitabu cha Ruthu kinafunguka kwa njaa katika Bethlehemu, mji ambao jina lake kwa Kiebrania lina maana ya nyumba ya mkate. Familia inahama kwenda Moabu, wanaume wanakufa, na wajane wawili wanarudi mwanzoni mwa mavuno ya shayiri. Ruthu anaokota masazo katika shamba la Boazi, na uhusiano wao unakua kadiri mavuno yanavyoendelea, hadi usiku wa mahali pa kupepetea nafaka. Ndoa yao inamleta Obedi, babu yake Daudi. Mathayo anapoorodhesha nasaba ya Kristo anamtaja Ruthu kwa jina, na katika sura hiyohiyo anaendelea na habari za Mariamu aliyekuwa ameposwa na Yusufu. Kabla Bethlehemu haijawa mji wa Krismasi, ilikuwa mji wa njaa, mavuno na posa.

Msuko huo unalingana na mwaka wa Dodoma hatua kwa hatua. Unajibu pia shaka ya msomaji wa kidini anayeona kwamba hadithi ya mapenzi ni jambo jepesi mno kwa Mkristo. Shaka hiyo ina mizizi katika fasihi yenyewe. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), riwaya ya Kiswahili inayotajwa mara nyingi zaidi pale malezi ya Kikristo na mapenzi yanapokutana, inayaona mapenzi hayo kwa macho ya msiba: ukali wa nyumbani na uhuru usio na maandalizi vinamwangamiza msichana. Kezilahabi alikuwa na haki ya kuandika hivyo. Lakini fasihi yenye msiba tu, isiyo na kielelezo cha mapenzi yanayokomaa, huacha nafasi ambayo hujazwa na hadithi za kuazima.

7. Nafasi aliyoiacha Mnyampala

Uwanda wa kati umekwisha kuwa na mwandishi aliyeubeba pamoja na imani yake. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo na Mkristo, alichapisha Historia, Mila na Desturi za Wagogo mwaka 1954 na Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963. Mwaka wa kuzaliwa kwake uko ndani ya njaa kubwa ya 1917–1920 ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, na ambayo mwanahistoria Gregory Maddox ameiandikia uchunguzi maalumu. Kizazi chake kilijua kwamba miaka huitwa kwa majina ya njaa.

Mgawanyo wa tanzu katika kazi hizo mbili unafundisha. Jamii, pamoja na mila zake, imepewa nathari ya maelezo. Injili imepewa utenzi, bahari ya heshima yenye historia ndefu katika fasihi ya Kiswahili ya pwani. Mnyampala alionesha kwamba umbo la pwani linaweza kubeba Injili mikononi mwa mtu wa bara. Kilichobaki ni nathari ya kubuni ambamo posa, mvua, ng'ombe wa mahari na Majilio vinakutana katika maisha ya watu wawili. Huko ndiko hadithi ya mapenzi ya Kikristo inakoweza kudai nafasi ya fasihi badala ya ile ya kijitabu cha mawaidha.

8. Uhitaji na hiari

Pingamizi zito linabaki. Ikiwa njaa ndiyo inayowaleta wawili pamoja, je, hayo ni mapenzi au ni riziki? Katika jamii ambayo mahari ni mifugo, mwaka wa ukame unaweza kuifanya posa kuwa njia ya nyumba kupata chakula, na binti akawa ndiye bei. Peter Rigby, katika uchunguzi wake wa mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na ujamaa miongoni mwa Wagogo, ameonesha jinsi mifugo inavyofunga mahusiano ya ndoa na udugu. Mwandishi anayeipaka njaa hiyo rangi ya mahaba atakuwa amefanya kosa kubwa kuliko la anayetandaza pamba.

Pingamizi hili linaugusa pia muundo wa Kiswahili. Mwanamume huposa na huoa. Mwanamke huposwa na huolewa. Sarufi inamweka mwanamke upande wa kutendwa, na majira yanayobana yanamsukuma zaidi upande huo. Riwaya ya Oke inalijibu tatizo kwa nauli: Marty ana njia ya kuondoka, na kwa kuwa anayo, kubaki kwake ni uamuzi. Kitabu cha Ruthu kinalijibu kwa kitenzi. Orpa anamwacha mkwewe, naye Ruthu, aliye huru kabisa kumfuata Orpa, anaambatana na Naomi. Kitenzi hicho, -ambatana, ndicho kinachotumiwa na Union Version katika Mwanzo 2:24 kwa mwanamume na mkewe, kama vile Kiebrania kilivyotumia mzizi mmoja mahali pote pawili. Hakina umbo la kutendwa, na mwisho wake wa -ana unaweka uhusiano baina ya pande mbili. Kabla Ruthu hajaolewa na yeyote, lugha imekwisha kumfanya mtenda wa kitenzi cha agano.

Hapo ndipo kipimo cha uhakiki kinapopatikana. Hadithi ya mapenzi ya uwanda wa kati itapimwa kwa mambo mawili: kama shujaa wake wa kike ana mahali pengine pa kwenda, pawe kwa ndugu, shuleni au mjini kwa basi la asubuhi, na kama vitenzi anavyopewa na msimulizi vinamruhusu kutenda. Njaa inaweza kumfikisha mlangoni. Kuingia lazima kuwe kwake.

9. Hitimisho

Baridi na Krismasi humvutia mwandishi wa hadithi za mapenzi za Kikristo kwa sababu zinampa uhitaji, muda na mwanga kwa mpigo mmoja, bila ya kumtafuta mkosaji. Vitu hivyo vitatu vinapatikana Dodoma, lakini katika miezi tofauti. Uhitaji uko kati ya Januari na Machi, muda unapimwa kwa mtama unaokua, na mwanga wa Krismasi unatangulia badala ya kuhitimisha. Mwandishi anayeufuata mwaka huo atapata msuko wenye ahadi katika Desemba, jaribu katika Kwaresima, na ndoa katika kipupwe, wakati ambapo neno burudani linaweza kuchukua maana zake zote mbili.

Kwa uhakiki, inafuata kwamba fasihi pendwa ya Kikristo isomwe pamoja na tafsiri za Biblia zilizowapa waandishi wake msamiati, na pamoja na kalenda ya mahali zinapoandikwa. Wanafunzi wa uzamili katika vyuo vikuu vya Dodoma wako karibu na mada hii kuliko wengine wote. Hadithi zinazosimuliwa katika vikundi vya vijana makanisani, vijitabu vya ndoa na uchumba, na maigizo ya Krismasi yanayochezwa shambani kukiwa na palizi, vyote ni data inayosubiri kukusanywa. Mvua ikinyesha usiku wa mkesha, wengi wa waliomo kanisani huwa wanaisikiliza juu ya mabati huku wakihesabu siku za kupanda. Hadithi ya mapenzi itakayowaweka wawili kati yao katika benchi moja, wakisikiliza mvua hiyohiyo, haitakuwa na haja ya theluji.